Njia Iliyo Moyoni



Mgeni akishuka kwenye basi hapa Ifakara usiku, akamwambia kijana wa bodaboda, "Nipeleke Viwanjasitini, kwa mzee fulani, karibu na mashine ya kukoboa mpunga," mara nyingi hufika. Nyumba nyingi zilipewa namba katika zoezi la anwani za makazi la mwaka 2022, lakini kijana haulizi namba. Anaujua mwembe, anaijua kona, anajua na mahali maji ya masika yanapotuama. Siku hizi hata simu huonyesha njia. Je, kuna faida gani kuweka moyoni kile tunachoweza kukitazama mkononi?

Katika jiji la London, tangu mwaka 1865, anayetaka kuendesha teksi hutahiniwa asome njia kwa kichwa. Hana budi kuzijua njia 320 zilizowekwa na mitaa yapata 25,000, ndani ya maili 6 kutoka Charing Cross. Wengi huchukua miaka 3 au 4, wakizunguka kwa pikipiki katika mvua na baridi. Mwaka 2000 Eleanor Maguire na wenzake walitangaza kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi, kiungo cha ubongo kinachotusaidia kukumbuka mahali, ilikuwa kubwa zaidi kwa madereva hao kuliko kwa watu wengine. Basi tulichojifunza kwa bidii hakikai ndani yetu kama mzigo ghalani. Chatugeuza sisi wenyewe.

Lakini tusifanye haraka kumsifu kila ajuaye. Ajuaye njia ndiye awezaye kumzungusha mgeni ili nauli iongezeke. Ujuzi wake ni uleule. Kilichoharibika ni moyo. Tena kumbukumbu yaweza kupitwa na wakati. Wapiga kafi wa mitumbwi katika bonde letu wanajua kwamba mafuriko yakishapita, mkondo wa mwaka jana huenda ni fungu la mchanga mwaka huu. Asemaye, "Mimi napajua," asiyatazame maji, atawakwamisha abiria wake. Kwa hiyo kujua kwa moyo si wema wenyewe. Huwa wema pale ajuaye anapokuwa mwaminifu kwa mgeni, na mnyenyekevu mbele ya mto.

Wazazi wengine huuliza kwa nini watoto wa kipaimara wakariri Imani ya Mitume na Amri Kumi, na hali vitabu vipo na simu zipo. Swali lao si la kipuuzi. Mtoto aweza kuyasema maneno yote kama kasuku asipate chochote. Lakini kijana wa bodaboda hakuijua mitaa kwa kukaa barazani akitaja majina. Aliipita, akapotea, akauliza, akarudi. Kadhalika mtoto aliyefundishwa sala apewe nafasi ya kuisali: shambani, safarini, na nyumbani kukiwa na msiba.

Tumkumbuke yule Mwethiopia katika Matendo ya Mitume. Alikuwa na chuo mkononi, tena alikuwa akisoma. Hakupungukiwa na maandiko. Alipungukiwa na mtu wa kumwongoza. Filipo, ambaye neno lilikuwa moyoni mwake, alipanda garini akaketi naye.

Hapo ndipo nionapo jibu. Chuo chaweza kuonyesha njia, wala tusikidharau. Lakini hakiketi na mtu. Siku moja kila mmoja wetu atakuwa kando ya kitanda cha mgonjwa, usiku, umeme umekatika, naye mgonjwa ataomba, "Niombee." Saa ile hatutakuwa na nafasi ya kupekua kurasa. Tutampa kile tu kilichokwisha kuwa sehemu yetu.

Basi yatupasa kujiuliza leo, kungali mchana: mgeni akiomba kupelekwa kwa Bwana, je, njia twaijua? Nasi tutampeleka moja kwa moja, au tutamzungusha?