Kungoja bei ishuke: ni subira au dhulma?

Mnada tuliouzoea ni wa kupandisha. Pale Feri, Dar es Salaam, dalali hutaja bei, wanunuzi hupanda, wa mwisho huchukua. Lakini upo mnada mwingine usio na dalali. Katika fukwe za Ziwa Nyasa, kama Mbamba Bay, mvuvi asiye na barafu huanza na bei ya juu asubuhi, na jua likipanda bei yake inateremka.

Uholanzi wameufanya huo kuwa utaratibu rasmi. Katika soko la maua la Aalsmeer, yanakouzwa hata mawaridi ya Kenya, saa ya mnada huanzia bei ya juu ikishuka. Wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye mwenye mzigo. Akiwahi, atalipa zaidi. Akichelewa, mwenzake kachukua. Hofu hiyo ya mwenzake ndiyo inayomlinda muuzaji.

Sasa, wanunuzi wakikaa kivulini wakakubaliana asinunue mtu mpaka adhuhuri, hofu imeondoka. Bei hiyo haipimi tena thamani ya samaki, inapima shida ya mvuvi.

Uislamu haukukataza kupatana wala kungoja. Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) alinadi tandiko na bakuli la Answari mmoja fukara, vikauzwa dirhamu mbili. Lakini amekataza najshi, yaani kupandisha bei kwa hila bila nia ya kununua. Kwa maoni yangu, njama ya kushusha ni ndugu yake: zote mbili humfanya mtu aamue kwa soko la uongo. Na katika Suratul A'raf, aya ya 85, Nabii Shu'ayb (a.s.) anawakataza watu wake kupunja vitu vya watu.

Atasema mtu: mchuuzi naye gari la Mbinga likiharibika, samaki wanamwozea. Kweli, na kwa hatari hiyo anastahiki faida. Wala mama mwenye fedha pungufu anayengoja adhuhuri apate kitoweo hana kosa. Kinachomngojesha ni mfuko wake. Kosa ni kufunga soko ili mwenye shida asiwe na pa kukimbilia.

Nasi wa mjini, jioni tunapomzunguka muuza mchicha, tujiulize: tunangoja bei ishuke, au tunangoja yeye akate tamaa?

Wallahu a'lam.