Ni Mji Gani Ulio Karibu na Maiti?

Mahubiri ya Jumapili iliyopita yalitoka Kumbukumbu la Torati 21, na baada ya ibada watu watatu walinishika mkono pale mlangoni wakitaka tuendelee. Mmoja wao alikuwa na hasira kidogo. Aliniuliza, "Mzee, kwani unataka kusema mlevi akijiua na pombe, ni sisi tumemuua?" Sikumjibu vizuri, maanake mvua ilikuwa inakuja na watu wanakimbilia matatu. Wacha nijaribu hapa.

Mnajua kijana tuliyemzika. Alikuwa na miaka 23, fundi wa mjengo, mtoto wa mama ambaye hajawahi kukosa maombi ya Jumatano. Alipatikana asubuhi kwenye mtaro kando ya barabara. Kwenye karatasi ya mazishi iliandikwa kwamba aliugua kwa muda mfupi. Mimi ndiye niliyesoma karatasi hiyo kwa sauti mbele ya watu wote, na kila mtu pale, kuanzia kwaya mpaka wale vijana wa boda boda waliosimama nyuma, alijua nasoma uongo. Tunaficha ili kulinda heshima ya familia, na nia hiyo si mbaya. Lakini tumezika wangapi kwa ugonjwa huo wa muda mfupi?

Sasa turudi kwa Musa. Sura ya 21 ina sheria kadhaa, na wengi wetu tunakumbuka moja tu. Ile tunayoikumbuka iko karibu na mwisho: wazazi wana mwana mkaidi, mlafi na mlevi, wanamleta kwa wazee langoni, naye anapigwa mawe. Wazee wanaipenda hiyo. Nimesikia mtu akiitaja kwenye kikao cha chifu, ati vijana wa siku hizi wangekuwa wakati wa Musa wangeona. Lakini ile inayofungua sura hiyo hiyo inasema hivi: maiti ikipatikana shambani na muuaji hajulikani, wazee na waamuzi watoke, wapime umbali kutoka kwa maiti mpaka miji iliyo karibu. Mji utakaopatikana kuwa karibu zaidi, wazee wake ndio watakaobeba shughuli. Watamleta ndama, watanawa mikono, watasema mbele za Mungu kwamba hawakuimwaga damu hiyo.

Ona jambo hili. Hakuna aliyewaambia wazee hao kwamba wao ni wauaji. Wanaambiwa tu wapime, wafike, wasimame karibu na maiti, na waseme neno wakiwa na uhakika nalo. Pilato pia alinawa mikono, lakini yeye alinawa akiwa amekaa kwenye kiti chake, na kesi ilikuwa mikononi mwake. Ndiyo tofauti. Kwa hivyo kwa yule ndugu yangu aliyekasirika: sijasema tumemuua. Nimesema hatujapima.

Wenye umri wangu wanakumbuka Mei 2014. Pombe yenye sumu iliua watu hapa Embu, na Kiambu, na Murang'a, na kule Kitui na Makueni. Nchi nzima ilizika makumi ya watu kwa siku chache, na Embu ndiyo iliyoumia sana. Wengine walipona wakiwa vipofu. Hiyo sumu inaitwa methanoli, ni kemikali ya viwandani. Ukiinywa haikuui papo hapo. Mwili wenyewe ndio unaigeuza polepole kuwa asidi, aina ile ile iliyo kwenye sumu ya baadhi ya sisimizi, na asidi hiyo inashambulia mishipa ya macho. Ndiyo maana mtu analala akidhani amelewa kawaida, na kesho yake anauliza mbona hamjawasha taa. Jambo la ajabu ni kwamba daktari akikosa dawa yenyewe anaweza kumtibu kwa kumpa pombe ya kawaida kwa kipimo, ili mwili uache kuishughulikia ile sumu. Akiwahi hospitali, lakini. Wengi hawakuwahi, na wengine walichelewa kwa sababu waliona aibu kusema walikunywa nini na wapi.

Mimi mwaka huo nilisema neno ambalo ningependa kulirudisha. Nilisema kwenye nyumba ya ushirika kwamba wamevuna walichopanda. Ilisikika kama Maandiko, na watu wakasema amina. Lakini nani alipanda methanoli? Yule kijana alilipia kinywaji kwenye baa, akapewa chupa. Alichochagua ni kulewa, hakuchagua kupofuka. Dhambi yake ni yake, siiondoi. Ila kuna mtu alichanganya, kuna mtu alibeba, kuna mtu aliuza, na kuna mtu wa kazi ya kukagua ambaye hakukagua. Habakuki sura ya 2 inamtangazia ole yule anayempa jirani yake kinywaji ili amlevye. Sijasikia mahubiri mengi kwenye andiko hilo. Tunamhubiri anayekunywa kwa sababu yeye hana nguvu ya kutujibu, na tena hatoi sadaka kubwa.

Serikali nayo imejaribu, kwa namna yake. Sheria ya mwaka 2010, ile watu waliiita ya Mututho, iliweka saa za baa kufungua, ikakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, ikasema baa ikae angalau mita 300 kutoka shule. Sheria hiyo hiyo ilihalalisha chang'aa, wakitumaini ikitengenezwa kwa usafi haitaua. 2014 ikaja. Mwaka 2015 Rais Uhuru Kenyatta akaamuru msako, tukaona wabunge na vijana wakimwaga mitungi barabarani. Tukashangilia. Halafu? Februari 2024 watu 17 wakafa kule Kangai, jirani zetu wa Kirinyaga, na ikaelezwa kwamba pombe ile ilikuwa imekamatwa tayari, imewekwa kituoni kama ushahidi, ikatoka kituoni ikarudi sokoni. Fikiria hiyo. Pombe ilikuwa imeshapatikana, sheria ilikuwa imeshafanya kazi, kilichokosekana ni mtu mmoja mwaminifu mwenye ufunguo.

Mwaka 2025 NACADA wakaleta sera ya kutaka umri wa kunywa upandishwe kutoka 18 mpaka 21. Vijana wetu walilalamika, na hoja yao ina uzito: nikiwa na 18 napiga kura, naoa, naandikwa jeshi, mbona nikatazwe chupa? Mimi naunga mkono 21, lakini si kwa sababu ninaona kijana ni mtoto. Kumbukumbu la Torati 22, ukigeuza ukurasa tu, inamwambia anayejenga nyumba aweke ukingo juu ya dari, asije akajiletea damu mtu akianguka. Aliyeanguka alipanda mwenyewe, kwa miguu yake, pengine alikuwa mzembe. Hata hivyo damu inaulizwa kwa mwenye nyumba. Ukingo haumwambii mgeni kwamba ni mjinga. Na babu zetu walijua jambo hili bila Musa: pombe ya asali ilikuwa ya wazee, kijana alitumwa kuibeba lakini hakuionja mbele yao. Lakini niulize, hiyo 18 ya sasa, ni nani hapa sokoni ameshaona kijana akiulizwa kitambulisho kabla ya kuuziwa? Ukingo wa kuandikwa kwenye karatasi haumzuii mtu kuanguka.

Sasa nifike mahali pagumu. Baada ya mazishi nilirudi pale mtaroni. Nilikuwa peke yangu, na nilihesabu hatua. Kutoka mtaroni mpaka kile chumba cha mabati alikokunywa usiku ule ni hatua 340. Kutoka mtaroni mpaka lango la kanisa letu ni hatua 210. Nilihesabu mara mbili kwa sababu sikupenda jibu. Alipita langoni petu akielekea nyumbani, na lilikuwa limefungwa, kama kila usiku. Na kile chumba cha mabati kiko kwenye ploti ya mtu tunayeshiriki naye meza ya Bwana. Hauzi pombe, anapokea kodi tu. Sitamtaja. Tumeongea naye, na sehemu ya hiyo kodi imekuwa ikifika kwenye kapu letu kama fungu la kumi, kwa hivyo mimi si mtu wa kumnyooshea kidole.

Kuna la muguka pia, na najua wengine wataacha kusoma hapa. Mei 2024 Gavana wa Mombasa alipiga marufuku muguka, Kilifi wakafuata, na sisi huku tulipiga kelele. Mimi pia nilipiga. Ni zao halali, limesomesha watoto wa Mbeere kama miraa ilivyosomesha wa Igembe na Tigania. Lakini vijana wenyewe watakuambia: muguka unamkesha, halafu anatafuta pombe ya kumlaza. Mama wa Mombasa analilia mtoto wake kama mama wetu huyu. Kwa kipimo cha Musa, Mombasa ni mbali sana na Mbeere, hakuna mzee angetuita. Hapo nikaona kwamba hata kamba ya kupimia inaweza kutumiwa kukwepa, kama umbali wenyewe unasafirishwa na pikapu usiku mmoja. Sina jibu zuri la hili. Siwezi kumwambia mkulima ang'oe shamba kesho na karo ni Jumatatu. Naweza kumwambia tu asiseme halimhusu.

Kwa yule anayekunywa sasa na anasoma gazeti hili, pengine mama yako ameliacha mezani makusudi: glasi ya kwanza ulichagua, na unajua. Baada ya miaka, mwili nao umeanza kuchagua kwa niaba yako, na hiyo nayo ni kweli. Tuliwahi kumwombea kijana mmoja hapa, tukamwambia atupe kila kitu siku hiyo hiyo, akatupa. Siku ya pili alianguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Tulidhani ni pepo, tukaendelea kuomba. Nesi mmoja wa kwaya ndiye aliyetuambia kwamba mwili uliozoea pombe nyingi ukinyimwa ghafla unaweza hata kufa, tumpeleke hospitali. Tukampeleka tukiwa tunaomba njiani. Yuko hai. Kwa hivyo ukitaka kuacha, na umekuwa ukinywa kila siku, njoo tuombe, na asubuhi tutaenda pamoja kliniki. Mambo hayo mawili hayagombani.

Wazee wa kanisa walikutana Jumanne. Mwenye ploti alikuja bila kuitwa na kuomba mwezi mmoja wa kumhamisha mpangaji. Wengine waliona mwezi ni mrefu, na mimi ni mmoja wao, lakini tulikubali. Karatasi za mazishi zitakuwa zikisomwa na familia yenyewe, vile familia inataka, na mhubiri hatasoma asilolijua kuwa kweli. Na lango la upande wa barabara litaachwa wazi usiku wa Ijumaa na Jumamosi, taa ikiwaka, wazee wawili kwa zamu, chai iko. Zamu ya kwanza ni yangu. Wanaotaka kujiandikisha wamwone katibu baada ya ibada ya pili. Mashemasi wameshaambiwa wasimrudishe mtu kwa sababu ya harufu.