Alipewa Mmoja

Majuzi, mwaloni Mbamba Bay, simu ilipita mkono kwa mkono juu ya chanja za dagaa. Kioo kimepasuka, magamba yamekigandia. Ndani yake picha ya mwanamke tunayemfahamu sote, aliyoituma kwa mtu mmoja tu. Nilipofoka, mzee mmoja alinijibu kwa upole: "Sasa mwalimu, kwani alilazimishwa kupiga?" Nimepanda na swali hilo kona zote hadi Mbinga, na hasira haijashuka.

Faragha ni nini? Ibara ya 16 ya Katiba inaitaja, tusonge mbele. Wanaohofu kwamba sheria za kulinda faragha zitageuzwa rungu la kunyamazishia watu wana hoja, nami naikubali. Lakini hili la "alipiga mwenyewe"!

Mzee wangu, nikikuazima mtumbwi ufike Liuli, nawe ukauuza ng'ambo Malawi, nani ataniuliza kwa nini nilikuwa na mtumbwi? Nikikunong'oneza ugonjwa wangu, ukautangaza gulioni, kosa langu ni kuugua? Kumpa mmoja si kuwapa wote. Mzee akaongeza: mtumbwi hurudishwa, picha hairudi, basi angefikiri kwanza. Hapo ndipo ninapochoka. Kisichorudishika ndicho kinachomfunga zaidi aliyekipokea.

Tena mzee hayuko peke yake; sheria inakaa naye kijiweni. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinaadhibu kuchapisha ponografia: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au jela isiyopungua miaka 7, au vyote. Adhabu nzito, lakini sheria inauliza kama picha ni chafu, haiulizi kama mwenyewe aliridhia. Kenya, kifungu cha 37 cha sheria yao ya 2018 kina adhabu nyepesi zaidi, ila kinataja picha ya faragha ya mtu mwingine. Angalau huyo mtu yumo ndani ya sentensi. Asipokuwemo, yanatokea ya Uganda mwaka 2014: mwanamuziki alivujishiwa picha, na waziri Simon Lokodo akataka akamatwe yeye. Jina la mwanamuziki silitaji. Limetajwa vya kutosha.

Njiani nilizitazama ngoro za Wamatengo, ambazo sichoki kuzisifu. Majani hulazwa miraba kwenye mteremko mkali, udongo hufukiwa juu yake, katikati hubaki shimo. Mvua ikinyesha, kila shimo hushika maji yake. Tuta moja likibomoka, maji hulemea shimo la chini, nalo la chini yake. Mkulima halilaumu shimo kwa kushika maji. Hutafuta nani kabomoa tuta.

Ila mwaloni pale, nani hasa kabomoa? Aliyeisambaza kwanza, au kila mkono ulioipitisha? Simu ilipofika kwangu niliitazama picha ile, kisha ndipo nikafoka. Mimi nina kifungu gani?