Mfungo wa Taa



Kila mwaka, mwezi wa Machi, watu wa nchi nyingi huzima taa zao kwa muda wa saa moja, tangu saa 2:30 hata saa 3:30 usiku. Desturi hii, iitwayo Saa ya Dunia, ilianzishwa na shirika la WWF mjini Sydney, Australia, tarehe 31 Machi 2007. Nia yake ni kutukumbusha kwamba tabia ya nchi inabadilika kwa matendo yetu wanadamu, hasa kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta, na kwa kuangamiza misitu.

Wengi huisifu desturi hii. Lakini mkulima wa iliki huko Zirai, milimani Usambara, aweza kuuliza: Mimi nizime taa gani? Babu yangu alisomea koroboi, nami nina kitaa kimoja cha jua. Giza nalijua tangu kuzaliwa. Je, watu wa mjini wananifanyia mzaha?

Swali hili ni la haki. Moshi uliotoka Afrika ni sehemu ndogo sana ya moshi wa dunia, walakini adhabu yatufikia. Mwezi Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba mvua kubwa na mafuriko yamekwisha kuua watu 155 katika Tanzania. Maji yale hayakuuliza ni nyumba ipi iliyokuwa na taa nyingi.

Jawabu letu ni hili: kuzima taa ni mfungo, na mfungo una sheria zake. Kwanza, humpasa yule aliye na chakula. Mama Kanisa hamlazimishi mwenye njaa kufunga. Pili, kilichookolewa kwa mfungo ni haki ya maskini. Nabii Isaya aliwakaripia watu walioinamisha vichwa kama manyasi siku ya kufunga, huku wakiwadhulumu vibarua wao. Basi yule aachaye taa na viyoyozi vikiwaka usiku kucha katika vyumba vitupu, kisha akazima kwa saa moja ili asifiwe, amefunga mfungo wa namna hiyo hiyo. Nasi mapadre tuzitazame nyumba zetu kwanza. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alihesabu kuzima taa zisizohitajiwa miongoni mwa matendo madogo ya kila siku. Hakusema ni kazi ya usiku mmoja.

Je, mkulima wa milimani hana mfungo wowote? La, anao. Maji ya Usambara hushuka kwa mto Lwengera hata mto Pangani, na Pangani huendesha mitambo ya umeme ya Hale tangu mwaka 1964. Maji ya mto Zigi hutoka misitu ya Amani, yakafika bwawa la Mabayani, na watu wa mji wa Tanga huyanywa. Kumbe taa ya mjini imo mkononi mwa mtu wa milimani! Afyekaye msitu penye chemchemi, au awashaye moto shambani asiulinde, huzima taa ya jirani yake, wala si kwa saa moja tu. Mfungo wake ni kuiacha miti ya kandokando ya kijito.

Lakini mfungo huo humgharimu shamba, na shamba ndilo ada ya mtoto shuleni. Kwa hiyo mtu wa mjini ana deni. Haifai amwagize mwenzake alinde chemchemi kwa tumbo tupu, naye akiyafungulia maji bombani bila kufikiri. Amlipe bei ya haki kwa iliki yake, na sauti yake isikike panapogawanywa fedha za hifadhi.

Mwaka 2024 Jumamosi ya mwisho ya Machi ilikuwa Jumamosi Kuu, na Saa ya Dunia ikafanywa juma moja kabla, tarehe 23. Lakini katika Kesha la Pasaka nasi huzima taa zote za kanisa. Kisha mshumaa mmoja huwashwa, na kila mmoja hupokea moto kwa jirani yake, tajiri na maskini, hata kanisa lote likang'aa. Giza letu lina maana likiishia hapo, katika kugawana nuru.

Mungu aliyeiumba nuru atujalie kufunga hivyo.