Mkataba umefuatwa, mgonjwa hapumui

Hebu tujiulize ndugu msomaji: mtu aliyelipa bima kila mwezi, akaandikiwa dawa na daktari, kisha akaambiwa dirishani kuwa dawa hiyo haimo kwenye orodha, je, amedhulumiwa au mkataba umefuatwa tu?

Nchini Marekani swali hili lilikuja kwa sura ya ajabu. Januari 2024 kampuni ya GSK iliacha kuuza Flovent, dawa ya kuvuta ya pumu iliyotumiwa sana na watoto. Dawa ile ile ikaendelea kuuzwa bila jina lake la biashara, lakini baadhi ya bima zikakataa kuilipia. Kifua cha mtoto hakikubadilika. Kilichobadilika ni maandishi juu ya boksi. Miezi michache baadaye, kamati ya Seneti ilipokwisha kuanza kuzichunguza, kampuni tatu za dawa, GSK ikiwemo, zilitangaza kuwa mgonjwa hatalipa zaidi ya dola 35 kwa mwezi. Kumbe iliwezekana!

Wenye bima hujitetea kuwa mfuko ni wa wengi, na ukilipia kila kitu utafilisika. Hoja hii si ya kupuuza. Fedha ile ni amana, na mwenye maradhi ya figo naye ana haki yake humo. Lakini pumu ina mambo yake. Salbutamol hufungua njia za hewa kwa saa chache tu. Uvimbe wa ndani hutulizwa na dawa ya kuzuia, inayovutwa kila siku hata mtu anapojiona mzima. Hiyo ndiyo rahisi kukatwa, kwani anayeikosa leo aghalabu haanguki leo. Huanguka baadaye, na mfuko ule ule ukalipia kulazwa kwake. Sasa hapo amana imelindwa vipi?

Mwaka 1985 Baraza la Fiqhi lililo chini ya OIC, Jeddah, lilikataza bima ya kibiashara kwa sababu ya gharar, likaruhusu ile ya kusaidiana. Wanafunzi wangu hudhani tofauti hiyo ni ya majina tu. Mimi naiona hapa hapa: anayepokea malipo kisha akabaki na uhuru wa kupunguza alichouza, ameuza kisichojulikana. Ash'ariyyun, chakula kilipowapungukia, walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawa, na Mtume (S.A.W) akawasifu.

Bunge letu nalo lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi suala la nani aandike orodha ya dawa, na nani aruhusiwe kuibadilisha mgonjwa akiwa ameshalipa, si la Wamarekani peke yao.