Mgeni Mtu Mzima na Jembe la Siku ya Tatu

Katika mambo yanayopima utu wa taifa, hapana lililo rahisi kulisifu na zito kulitenda kama kumpokea mgeni. Kila kabila la nchi hii hujivunia ukarimu wake, na kila aandikaye juu ya utamaduni wetu hupenda kuanza na sifa hiyo. Mimi sikusudii kuongeza sifa juu ya sifa. Nakusudia kuuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, bado hatujalijibu sawasawa. Je, mtu mzima aliyekwisha kuupita ujana, asafiripo ugenini, anastahili kupata nini kwa wenyeji? Anastahili kitanda tu, au anastahili na watu pia? Na kama anastahili watu, ni nani atakayebeba gharama yake?

Nimeutaja umri kwa makusudi, kwa sababu kijana ana njia yake. Hosteli za vijana zilianzia Ujerumani, katika fikira za mwalimu wa shule aitwaye Richard Schirrmann. Mwaka 1909 alikuwa safarini kwa miguu pamoja na wanafunzi wake, wakashikwa na mvua kubwa, wakalala darasani katika shule ya watu. Hapo akawaza kwamba vijana wote wasafirio wangefaa kupata mahali pa namna hiyo. Tangu siku hizo hosteli imekuwa nyumba ya ujana. Vitanda ni vingi katika chumba kimoja, bei ni ndogo, na kabla jua halijachomoza wageni wamekwisha kuwa marafiki.

Mtu wa miaka arobaini au hamsini hayuko hivyo. Ana usingizi mwepesi, ana dawa zake za kumeza, ana sala zake na haya zake. Chumba cha watu wanane hakimfai. Lakini tusidhani kwamba kwa kuwa hataki kulala na watu, basi hataki watu. Huenda anawahitaji kuliko kijana, maana kijana ameacha nyumbani rafiki zake wote wakiwa hai, naye mtu mzima hana hakika hiyo.

Basi mtu huyu afikapo Mtwara, Newala au Masasi hupanga chumba katika nyumba ya wageni. Hupewa ufunguo, ndoo ya maji na kitabu kikubwa akijaze: jina, kabila, kazi, atokako na aendako. Ndugu msomaji, maswali hayo ni yale yale ambayo mzee wa kijiji angemuuliza barazani. Tofauti ni kwamba mzee aliuliza ili ajue ampeleke nyumbani kwa nani, ambapo kitabu huuliza, kisha hufungwa. Nimefanya kazi ya serikali miaka mingi, na kazi hiyo imenilaza katika vyumba vingi vya namna hii. Nimewaona huko watu wenye elimu na maarifa ya maisha, wanaume kwa wanawake, wakila peke yao mbele ya ukuta, wakiondoka alfajiri bila ya mji kujua kwamba walikuwamo.

Pwani yetu haikuwa na desturi hiyo. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia aliyoyaona Mogadishu katika safari iyo hiyo. Chombo kilipotia nanga, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua chakula kilichofunikwa. Alimpa mfanyabiashara mmoja na kutamka kwamba huyu ni mgeni wangu. Tangu hapo mgeni alikaa nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemsimamia katika kuuza na kununua. Mtu wa elimu yeye alipelekwa kwa kadhi. Tusijidanganye kwamba wenyeji hao walikuwa malaika. Walipata faida, na kila mtu alijua. Lakini faida yao ilipita katika mlango wa kujuana. Mgeni alikuwa na mtu wa kumtaja, na mtu huyo alikuwa na jina la kulinda.

Bara nako kulikuwa na utani. Wanyamwezi waliposhuka na misafara kuja pwani walipita katika nchi ya Wazaramo, na hadi leo makabila hayo mawili ni watani. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali, nao pia wakawa watani. Mtani aliweza kuchukua chakula bila kuomba, kutukana bila kukasirikiwa, na kufika kwenye msiba akafanya kazi ambazo hata ndugu huona vigumu kuzifanya. Jambo la kuzingatia ni kwamba utani haukuwa mchezo wa vijana peke yao. Mzee mwenye mvi, ambaye kwao hapana mtu aliyethubutu kumcheka, alifika ugenini akapokewa kwa kejeli na kicheko, na kwa kicheko hicho ugeni wake ukavunjika. Kile ambacho hosteli huwapa vijana kwa kuchanganya vitanda, utani uliwapa wazee kwa kuchanganya maneno.

Na katika ufuko wetu huu, kutoka Mikindani hadi Msimbati na mdomo wa Ruvuma, wavuvi wana dago. Pepo zikigeuka, wavuvi huhama na vyombo vyao, wakaenda kupiga kambi kwenye ufuko wa watu wengine kwa majuma au miezi. Dagoni hulala mzee na kijana, nahodha na mwanafunzi wake. Huko hauulizwi umri wa mtu, huulizwa kazi aijuayo. Ajuaye kushona nyavu hushona, na ajuaye kusoma nyota na maji husikilizwa. Mtu mzima hawi mzigo dagoni, maana ujuzi wake ndio nauli yake.

Hapa ndipo tunapokutana na methali yetu mashuhuri: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Nyerere aliitaja katika insha yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, akionyesha kwamba katika jamii yetu ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi. Siku hizi wengi huitumia methali hiyo kwa maana ya kumfukuza mgeni kwa adabu. Mimi naiona kinyume. Ampaye mgeni jembe amempa nafasi katika safu ya watu wanaolima. Siku mbili za kwanza mgeni hutazamwa, na siku ya tatu huhesabiwa. Asiyepewa jembe hubaki kuwa mgeni hata akae mwaka mzima. Wala hekima hii si yetu peke yetu. Chama cha Servas, kilichoanzia Denmark mwaka 1949 ili kujenga amani kwa kuwafanya wasafiri wakaribishwe majumbani, kimeweka desturi kwamba mgeni hukaa siku mbili, isipokuwa mwenyeji mwenyewe akimwomba azidishe. Watu wa nchi za mbali wamefikia hesabu ile ile ya wahenga wetu, ingawa sidhani kwamba waliwahi kuisikia methali yetu.

Hata hivyo hapana budi kusikiliza pingamizi, nayo yako mawili mazito.

Pingamizi la kwanza latoka jikoni. Wamakonde wa Newala na Tandahimba walijenga vijiji vyao juu ya uwanda, na maji yako chini mabondeni. Kabla ya mradi wa maji ya bomba wa miaka ya 1950, na hata baadaye kila mitambo iliposimama, wanawake walishuka magenge na kupanda tena na mitungi. Maji ya kuoga mgeni mmoja yalikuwa safari nzima ya mtu. Barazani mwanamume alisema karibu, na bondeni mwanamke alilibeba neno hilo kichwani. Methali zetu nyingi za ukarimu zimetungwa barazani. Tungewauliza waliokuwa njiani kutoka mtoni, yamkini tungepata methali nyingine. Ukarimu usiomhesabu abebaye ni ukarimu wa kutoa kisicho chako.

Kwa sababu hiyo siwezi kuungana na wale wasemao kwamba kupokea fedha kwa mgeni ni kuuza mila. Tangu katikati ya miaka ya 1990 viko vijiji vya nchi yetu, hasa kaskazini, vilivyojiunga na mpango wa utalii wa utamaduni. Mgeni huongozwa na wenyeji, hula chakula chao, pengine hulala kwao, naye hulipa, na sehemu ya malipo huingia katika maendeleo ya kijiji. Ikiwa fedha hiyo yamfikia mama aliyechota maji na kupika ugali, basi hilo ni deni lililolipwa kwa kuchelewa. Lakini kitanda, maji na chakula vina bei, na mazungumzo hayana. Mgeni akilipia kitanda, kisha akanyimwa baraza, amepata hoteli yenye paa la makuti. Tazama Boma la Mikindani. Wajerumani walilijenga mwaka 1895 ili kuwatawala wenyeji, na baada ya miaka ipatayo mia shirika la hisani la Uingereza likalikarabati na kulifanya hoteli. Nyumba iliyojengwa na wageni wasioalikwa ikaja kulaza wageni wanaolipa. Hayo ni maendeleo mema. Lakini ukuta mnene wa ngome hautoboki kwa kupakwa chokaa, na mgeni atakaye kuwajua watu wa Mikindani lazima ateremke kilima mwenyewe.

Pingamizi la pili latoka mtoni. Watu wa Ruvuma wanajua ukarimu ni nini, maana wakati wa vita vya FRELIMO, tangu 1964 hadi 1974, waliwapokea ndugu kutoka Msumbiji waliokuja na watoto mgongoni. Mwaka 2010 Daraja la Umoja likafunguliwa, likaunganisha kwa saruji watu ambao lugha na ukoo vilikuwa vimekwisha kuwaunganisha. Lakini tangu Oktoba 2017 Cabo Delgado imeingia katika mauaji. Oktoba 2020 watu wenye silaha walivuka mto wakashambulia kijiji cha Kitaya, upande wetu, wakaua. Machi 2021 mji wa Palma ukavamiwa. Je, twaweza kumwambia mama wa Kitaya kwamba kila agongaye mlango ni baraka?

Hatuwezi, wala wazee wetu hawakusema hivyo. Mgeni wa zamani alipelekwa kwanza kwa jumbe. Baada ya uhuru, tangu miaka ya 1960, tulimzoea balozi wa nyumba kumi, ambaye aliarifiwa habari za kila mgeni aliyelala mtaani. Kuuliza ni tendo la kwanza la kukaribisha, mradi aulizaye asiishie katika kuuliza. Na tukipima vizuri, tutaona kwamba usalama na ukarimu si maadui. Mtu aliyejifungia chumbani kwa jina aliloliandika mwenyewe hajulikani na yeyote. Aliyeketi barazani jioni mbili, akaulizwa kwao na nani amjuaye, akajibu, ameonwa na macho arobaini. Mwovu hapendi baraza, na mwema hulihitaji. Kwa hiyo hofu isitufanye tuvunje baraza. Itufanye tulijenge upya.

Basi nini kifanyike? Sisemi kila nyumba ifunguliwe kwa kila mpita njia. Nasema mtu mzima asafiri na jembe lake, na wenyeji wawe tayari kulipokea. Jembe la kijana ni mikono. Jembe la mtu mzima ni ayajuayo. Mkulima wa mikorosho aliyepambana na ubwiriunga miaka thelathini ana neno la kuwaambia wakulima wa wilaya nyingine. Mama alimaye mwani pwani ana la kuwaambia akina mama wa ufuko mwingine, na mkunga, fundi wa jahazi, mchonga vinyago na mwalimu mstaafu vivyo hivyo. Watu hawa wangesafiri kwa kuitana, chama kwa chama na kijiji kwa kijiji. Siku mbili wangelala kwa heshima ya mgeni, na siku ya tatu wangefanya kazi pamoja na wenyeji. Gharama ya maji na chakula ingelipwa wazi, mkononi mwa yule aliyeyateka na aliyekipika.

Sisi watunzi wa mashairi tumeonja kidogo jambo hili. Shairi la gazetini huchapwa na jina la mtunzi na mahali aliko. Mtu wa Lindi humjibu mtu wa Tanga, wakajibizana miaka bila kuonana. Siku mmoja wao apitapo kwa mwenziwe, hapana haja ya kujuana upya, maana jembe limetangulia. Nimelala katika nyumba za namna hiyo. Zilikuwa nyumba za kawaida, kitanda cha kamba na taa ya mafuta, wala sikumbuki ubaya wa kitanda. Nakumbuka nilirekebishwa vina vyangu hadi usiku wa manane na mtu aliyeacha shule akiwa mtoto. Nami asubuhi nilimsaidia kuandika barua ya madai yake ya mirathi.

Taifa huwajenga vijana wake kwa shule, kambi na michezo, na hufanya vyema. Watu wazima huwaachia wajijenge wenyewe, kana kwamba aliyefika miaka hamsini amekwisha kujua nchi yake. Lakini barabara ya lami na Daraja la Mkapa la mwaka 2003 vimefanya safari ya Dar es Salaam hadi Mtwara kuwa ya kutwa moja, ambapo zamani masika yaliwakwamisha wasafiri kwa siku kadhaa Rufiji. Waliokwama walilazimika kujuana na watu wa njiani. Sisi hatulazimiki. Kwa hiyo kujuana, ambako zamani kulitokana na tope, leo hakuna budi kutokana na nia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hatapona kwa mgeni aliyelipa, akalala, akaondoka bila kushika chochote. Wala mgeni hatapona kwa mwenyeji asiyempa cha kushika.