Wengi Wape, au Penye Wazee?

Wahenga wametuachia methali mbili zisizolala kitanda kimoja. Ya kwanza yasema, "Wengi wape." Ya pili yasema, "Penye wazee haliharibiki neno." Kila moja ina haki yake, na kila moja ina wafuasi wake. Lakini zinapofikishwa mbele ya swali la kumpata Rais, hapana budi moja ikae mbele na nyingine ikae nyuma. Je, mkuu wa nchi achaguliwe na umma, kichwa kwa kichwa, au na wajumbe wachache waliotumwa kwa niaba ya umma?

Wamarekani wameshika njia ya wajumbe. Wajumbe wao ni 538, na anayepata 270 ndiye Rais. Kwa njia hiyo Al Gore mwaka 2000, na Hillary Clinton mwaka 2016, walipata kura nyingi zaidi za wananchi na Ikulu wasiione. Wengi wetu husoma habari hizo tukatabasamu, kana kwamba ni vituko vya ng'ambo. La hasha. Mambo hayo yamo humu humu Pwani.

Huku Mrima, Bagamoyo na miji jirani yake, mtu hakuwa jumbe kwa kupigiwa kura na wenye mji wote. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetokea Dunda karibu na Bagamoyo, ametueleza habari za majumbe katika *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Atakaye ujumbe aliwaendea waliomo, akatoa ada, akafanya karamu, na wao wakampokea. Tusiibeze desturi hiyo, kwani wazee walimjua mtu kwa nasaba na kwa mwenendo. Lakini tukiri pia kwamba mlango wenye walinzi wachache huwa na bei, na asiye na ada hubaki uani, hata awe na hekima ya namna gani.

Lugha yetu yenyewe inatuonya. Jumbe ni mtawala. Mjumbe ni mtumwa wa maneno, abebaye ujumbe wa waliomtuma na kuufikisha kama ulivyo. Herufi moja tu huwatenga. Siku mjumbe anapoyabadili maneno aliyopewa, ameiacha herufi hiyo njiani na kujitawaza. Huo ndio ugonjwa wa asili wa uchaguzi wa wajumbe: aliyetumwa hujisahau akadhani ameteuliwa. Wamarekani nao wameliona hilo, na mwaka 2020 Mahakama Kuu yao ikaamua kwamba majimbo yana haki ya kuwalazimisha wajumbe kufuata kura ya wananchi. Lakini ikiwa mjumbe halazimiki kufikiri, ana kazi gani tena?

Hata hivyo, chumba cha wachache kina somo lake. Mwaka 1995, wajumbe wa CCM walikutana Dodoma kumtafuta mrithi wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Katika duru ya kwanza Jakaya Kikwete, mwana wa Msoga katika Bagamoyo ya wakati ule, alipata kura 534. Benjamin Mkapa 459. Cleopa Msuya 336. Mwenzetu alitangulia, lakini hakufika nusu. Wakarudia wawili wa juu, na Mkapa akapata 686 dhidi ya 639. Kura 47 zikaamua, na Kikwete akangoja hadi mwaka 2005. Wapo walionung'unika, ila kanuni ilikuwa na busara: kutangulia si kukubaliwa. Aliyewatangulia wenzake wawili kwa hatua moja hajawa bado chaguo la wengi.

Mwaka huo wa 1995 Katiba ya Muungano nayo ilidai zaidi ya nusu ya kura kwa Rais. Marekebisho ya mwaka 2000 yakaliondoa sharti hilo. Sasa yatosha mtu kuwapita wenzake. Ajabu ni kwamba nchi nzima ikapewa kipimo chepesi kuliko kile walichojiwekea wajumbe chumbani. Ukisema "wengi wape", basi uwape wengi, si wachache waliozidi wachache wengine.

Na hasara ya kuwanyima wengi twaijua, maana ilitokea ng'ambo ya bahari yetu, pale Unguja na Pemba. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Afro-Shirazi ilipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. ZNP na ZPPP, kwa kura pungufu, zikapata 18 na kuunda serikali. Kura za Afro-Shirazi zilijazana majimboni ambako ilikwisha kushinda. Za wapinzani wake zilitawanyika vizuri. Uhuru ukaja tarehe 10 Desemba, Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Sisemi kwamba hesabu ya viti pekee ndiyo iliyoleta umwagaji damu. Mizizi ilikuwa mingi na mirefu. Lakini wengi walioambiwa kuwa ni wachache hawakosi kuiona sheria kuwa hila.

Hapa msomaji wa visiwani atanisimamisha, na ana haki. Kwa sensa ya 2022, Zanzibar ina watu chini ya milioni 1.9 kati ya zaidi ya milioni 61.7 wa Jamhuri nzima. Tukihesabu vichwa vitupu, Rais wa Muungano aweza kupatikana bila kura hata moja ya kisiwani. Sharti la mgombea mwenza kutoka upande wa pili ni heshima, lakini haliwapi Wazanzibari neno juu ya Rais mwenyewe.

Nami namjibu kwa kanuni aijuayo kila mpenzi wa ushairi. Mshororo wa shairi una mizani 16: nane ukwapini, nane utaoni. Ukiandika kumi huku na sita kule, jumla imetimia, lakini mshororo umeanguka. Wakenya wameitia kanuni ya namna hiyo katika Katiba yao ya 2010: Rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau robo ya kura katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. Kura ya kila mtu inabaki moja, na bado hakuna awezaye kutawala kwa kupendwa upande mmoja tu. Kwa Muungano wetu, nusu ya kura zote pamoja na robo ya kila upande ingetosha. Robo si rungu la wachache kuwapigia wengi; ni kumtaka mgombea avuke maji akaombe.

Ila kanuni zote hizi ni bure pale chaguo linapokwisha kabla ya kura. Oktoba 2025 Tume ilitangaza ushindi wa Rais Samia Suluhu Hassan kwa takriban asilimia 98, ilhali wagombea wa CHADEMA na ACT-Wazalendo hawakuwamo katika karatasi, na damu ya raia ikamwagika. Mezani pasipo na mshindani, nusu, robo na hata 98 ni tarakimu tu.

Basi naiweka mbele methali ya kwanza. Wazee na washauri, wasaidie wengi wasikosee. Wasichague badala yao. Wengi wakikosea, watajisahihisha baada ya miaka mitano, madhali sanduku li wazi. Wachache wakikosea, nani atawasahihisha?